Dawa Moja, Watu Wawili: Kwa Nini Uraibu Humnasa Huyu na Kumwacha Yule
Mada iliyotolewa kwa watumiaji wa dawa, wazazi, walezi na wauza dawa



Mamlaka inayodhibiti dawa hufahamika zaidi kwa yale inayoyakataza: dawa bandia hukamatwa, dawa zilizokwisha muda huteketezwa, duka lisilo na kibali hufungwa. Leo hatukuja kukataza. Tumekuja kueleza jambo moja ambalo, mtumiaji wa dawa akilifahamu, makatazo yetu mengi yatamwelea bila kusukumwa.

Jambo lenyewe ni hili. Watu wawili wanaumwa, wanaandikiwa dawa ile ile ya maumivu, kwa kipimo kile kile na kwa idadi ile ile ya siku. Mmoja anamaliza vidonge vyake, anapona na kusahau. Wa pili anapona jeraha lakini haachi kidonge; kesho anatafuta kingine, na baada ya miezi michache hawezi kuianza siku bila hicho. Vivyo hivyo, vijana wawili wa kijiwe kimoja wanaonja unga siku moja. Mmoja anaondoka na harudi tena, mwenzake anarudi mpaka anapoteza kazi, ndugu na afya.

Kwa nini? Jibu linalotolewa upesi mitaani ni kwamba mmoja alikuwa na msimamo na mwingine hakuwa nao, au mmoja alilelewa vizuri na mwingine alidekezwa. Jibu hilo ni jepesi, na madhara yake ni mawili. Kwanza, humfanya aliyekwisha kunaswa ajifiche kwa aibu, asifike kwenye tiba. Pili, humdanganya ambaye bado hajanaswa. Hujiambia, "Mimi si mtu wa aina hiyo," kisha akaenda kununua. Tunaomba tuitazame elimu ya ubongo inasema nini, maana jibu lake ni tofauti, na linamhusu kila aliyemo ukumbini humu.

Ubongo unavyojifunza kutamani

Ndani ya ubongo wa kila mmoja wetu kuna njia ya neva ambayo kazi yake ni kutufundisha mambo gani yanafaa kurudiwa. Maji kwa mwenye kiu, chakula kwa mwenye njaa, mtoto kukumbatiwa na mama yake: yote hayo hupita katika njia hiyo na kuacha alama. Mwaka 1954 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, James Olds na Peter Milner, walipitisha waya mwembamba hadi sehemu za ndani za ubongo wa panya. Panya alipokandamiza kijiti, umeme kidogo ulifika sehemu hiyo. Panya walikikandamiza kijiti mamia ya mara kwa saa, ingawa hakikuwapa chakula wala maji. Majaribio yaliyofuata katika miaka ya baadaye yalionyesha kwamba hata panya mwenye njaa aliweza kukiacha chakula ili aendelee kukandamiza.

Kemikali inayofanya kazi kubwa katika njia hiyo huitwa dopamini. Wengi huiita kemikali ya raha, lakini kazi yake ni pana zaidi. Katika miaka ya 1990, Wolfram Schultz na wenzake walichunguza seli za dopamini katika ubongo wa nyani. Nyani alipopewa tone la maji ya matunda bila kutazamia, seli hizo zilichangamka. Ishara ya taa ilipoanza kutangulia maji hayo kila mara, baada ya muda seli zilitulia wakati wa kupata maji na zikachangamka wakati wa kuiona taa. Na taa ilipowaka, kisha maji yasitolewe, seli zilinyamaza. Maana yake ni kwamba dopamini hupima tofauti kati ya kilichotazamiwa na kilichopatikana. Ni mwalimu anayesema: hili limezidi matarajio, likumbuke, na ikumbuke ishara iliyolitangulia.

Kwa mambo ya kawaida ya maisha, mwalimu huyo hufika mahali akatosheka. Pilau la leo likiwa sawa na lile la juzi, hana jipya la kufundisha. Dawa za kulevya hazimpi nafasi ya kutosheka. Heroini, kokeini, pombe, sigara, na baadhi ya dawa za hospitali zikitumiwa visivyo, huongeza dopamini kwa nguvu ya kemikali yenyewe, kila zinapoingia mwilini. Ubongo huandika kila mara kwamba kilichopatikana kimezidi matarajio, hata pale mtumiaji mwenyewe anapokiri kwamba raha ya siku za mwanzo imekwisha. Ndiyo maana mtu aliyeacha unga kwa miezi mingi anaweza kupita karibu na kijiwe cha zamani, au kushika fedha mkononi jioni, na ghafla moyo ukaenda mbio na viganja vikatoka jasho. Hajaamua kutamani. Ishara imeamsha somo ambalo ubongo ulifundishwa mara elfu.

Kuna sehemu nyingine inayohusika. Nyuma ya paji la uso ipo sehemu ya ubongo inayotusaidia kusubiri, kupima matokeo na kujizuia. Tunaweza kuiita breki. Mwaka 1993 Nora Volkow na wenzake nchini Marekani walipiga picha za ubongo za watu waliokuwa watumiaji wa kokeini. Waliona kwamba vipokezi vya dopamini vilikuwa vimepungua, na upungufu huo uliambatana na ulegevu wa shughuli katika sehemu za mbele za ubongo. Kwa hiyo mtu aliyenaswa hupambana na mambo mawili kwa wakati mmoja: mafuta yameongezwa, na breki zimechakaa. Kumwambia "jizuie tu" ni kumtaka atumie kile kile kilichoumizwa.

Mwili unapozoea

Waswahili husema mazoea yana tabu. Tueleze tabu hiyo kwa mfano wa dawa za jamii ya afyuni, yaani mofini, kodeini, tramadoli na heroini. Tunaziweka katika kundi moja kwa makusudi, kwa sababu ubongo hauulizi kama dawa ilitoka famasi au kichochoroni. Heroini yenyewe ilianza kuuzwa nchini Ujerumani mwaka 1898, ikinadiwa kuwa dawa ya kikohozi.

Mwaka 1973 Candace Pert na Solomon Snyder, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, walionyesha kwamba katika ubongo kuna vipokezi ambavyo dawa za jamii hiyo hujishika kwavyo, kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli. Miaka miwili baadaye, John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen, Uskoti, wakaeleza sababu ya vipokezi hivyo kuwapo: mwili hutengeneza kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Dawa kutoka nje hutumia mlango uliojengwa kwa ajili ya kemikali hizo za mwili.

Mlango ukigongwa kwa nguvu kila siku, mwili huanza kujilinda. Vipokezi hupunguza mwitikio wake, na kipimo cha jana hakitoshi leo. Dawa ikikatika, mwili uliokwisha kujipanga kuishi nayo huyumba. Hapo ndipo linapokuja lile ambalo vijana wetu huliita arosto: kamasi na machozi, maumivu ya mifupa, tumbo kukata, kutapika, kukosa usingizi. Kwa heroini, dalili hizo huanza ndani ya saa chache baada ya kipimo cha mwisho, huwa kali kwa siku mbili tatu, kisha hupungua katika muda wa wiki moja hivi. Mtu hufika mahali akatumia ili asiugue tu.

Tafadhali msichanganye mambo mawili. Mwili kuzoea dawa ni jambo moja, na uraibu ni jambo jingine. Mgonjwa wa saratani anayetumia mofini kwa maelekezo ya daktari mwili wake utaizoea, na dawa hiyo haipaswi kukatwa ghafla, lakini hilo peke yake halimfanyi kuwa mraibu. Mraibu ni yule anayeendelea kutafuta na kutumia ingawa madhara anayaona, na ambaye akitaka kuacha hawezi. Tunasisitiza hili kwa sababu wapo wazee wanaoachwa wateseke kwa maumivu, familia ikihofia kwamba mofini itawafanya mateja. Hofu hiyo isiwanyime wagonjwa wetu nafuu wanayostahili.

Kwa nini huyu, na si yule

Sasa turudi kwenye swali letu. Uchunguzi mkubwa uliofanywa nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 1994 na James Anthony na wenzake uliuliza: kati ya watu waliowahi kutumia kitu fulani walau mara moja, wangapi walifikia hatua ya kukitegemea? Kwa tumbaku walikuwa takriban 32 kati ya kila 100, kwa heroini 23, kwa kokeini 17, kwa pombe 15, na kwa bangi 9.

Takwimu hizo zaweza kusomwa vibaya. Kijana anaweza kusema, "Basi wengi huponyoka." Ni kweli kwamba wengi huponyoka. Lakini kwa heroini ni karibu mmoja kati ya kila wanne waliowahi kuionja, na hakuna hata mmoja wa wanne hao aliyeijua nafasi yake kabla ya kuonja. Swali la maana ni hili: ni nini kinachomweka mtu karibu zaidi na hatari?

La kwanza ni urithi. Uchunguzi wa mapacha, unaolinganisha pacha wanaofanana kabisa na wale wasiofanana, unaonyesha kwamba takriban asilimia 40 hadi 60 ya tofauti za watu katika hatari ya uraibu inatokana na urithi. Hakuna jeni moja ya uraibu. Zipo nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Nyingine hukinga. Katika nchi za Asia ya Mashariki, watu wengi wana umbo la kimeng'enya cha ini linalowafanya waiva uso na kujisikia vibaya wanapokunywa pombe, na uraibu wa pombe miongoni mwao ni mdogo zaidi.

Urithi pia huathiri nguvu ya dawa ndani ya mwili. Kodeini hugeuzwa na kimeng'enya kimoja cha ini kuwa mofini, na tramadoli nayo hugeuzwa na kimeng'enya hicho hicho kuwa kitu chenye nguvu zaidi. Wapo watu ambao kimeng'enya chao hufanya kazi kwa kasi isiyo ya kawaida. Nchini Ethiopia, utafiti wa miaka ya 1990 ulikuta karibu watu 29 kati ya 100 wakiwa na nakala za ziada za jeni hiyo. Kwa mtu wa namna hiyo, kipimo cha kawaida cha kodeini kinaweza kuwa kipimo kikubwa cha mofini, na mtoto anaweza kushindwa kupumua. Kwa sababu hiyo, mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia kodeini na tramadoli zisitumiwe kwa watoto walio chini ya miaka 12, na ikashauri mama anayenyonyesha asizitumie. Hasemi kweli anayekwambia, "Mwanangu aliinywa na haikumdhuru, mpe na wako."

La pili ni umri. Ile breki ya nyuma ya paji la uso huchelewa kukomaa. Huendelea kujengwa hadi mtu anapokaribia miaka 25. Njia ya kutamani, kwa upande wake, huwa na nguvu tangu ujana. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba zaidi ya watu 40 kati ya 100 walioanza pombe kabla ya kufika miaka 15 walipata kuwa wategemezi wa pombe katika maisha yao, ilhali kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi walikuwa takriban 10. Yawezekana kwamba baadhi ya walioanza mapema walikuwa na matatizo mengine tangu awali. Hata hivyo, mzazi anayefanikiwa kumchelewesha mtoto asionje sigara, pombe au bangi anampa ubongo wake muda wa kukomaa.

La tatu ni yale aliyoyapitia mtu utotoni. Uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 8,000 katika jimbo la California, uliochapishwa mwaka 2003, uliangalia mambo kama kupigwa, kudhalilishwa, kutelekezwa, na kuishi katika nyumba yenye ugomvi au ulevi. Waliopitia mambo hayo ya aina tano au zaidi walikuwa na uwezekano wa mara 7 hadi 10 wa kusema kwamba wamepata matatizo ya dawa za kulevya, wakilinganishwa na wasiopitia hata moja. Mtoto aliyeishi kwa hofu mwili wake hujifunza kukaa macho muda wote, na kitu cha kwanza kitakachomtuliza kitamshika kwa nguvu kuliko mwenzake.

La nne ni mazingira ya sasa. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwachunguza nyani waliokuwa wakiishi mmoja mmoja, kisha wakawekwa katika makundi. Waliopata hadhi ya juu katika kundi, vipokezi vyao vya dopamini viliongezeka na wakavutwa kidogo na kokeini. Waliokuwa chini, wakionewa, hawakupata ongezeko hilo na walijipatia kokeini zaidi. Nyani hao hawakutofautiana katika vipokezi kabla ya kuwekwa pamoja. Maisha ndiyo yaliyowatofautisha.

Kwa wanadamu, mfano unaojulikana sana ni wa askari wa Marekani waliopigana Vietnam. Heroini ilipatikana kule kwa urahisi, na uchunguzi ulioongozwa na Lee Robins ulikuta kwamba karibu askari 1 kati ya 5 alikuwa mraibu akiwa vitani. Serikali yao ilitazamia balaa watakaporejea. Lakini katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi nyumbani, ni takriban 5 tu kati ya kila 100 wa waliokuwa waraibu kule walionaswa tena. Walikuwa wameondoka kwenye vita, na pia kwenye vijia, sauti na wauzaji waliokuwa wakiiamsha ile tamaa. Hii haimaanishi kwamba unga ni jambo dogo. Inamaanisha kwamba kumtoa mtu hospitalini akiwa safi, kisha kumrudisha kwenye kijiwe kile kile bila kazi wala mtu wa kumpokea, ni kumrudisha vitani.

La tano ni dawa yenyewe na jinsi inavyoingia. Kinachovutwa kama moshi au kudungwa kwenye mshipa hufika kwenye ubongo kwa sekunde. Kinachomezwa huchukua dakika nyingi. Kadiri kinavyofika upesi, ndivyo somo linavyoandikwa kwa wino mzito. Kidonge kinachosagwa kivutwe puani si kidonge kile tena.

Hakuna kipimo kitakachokwambia

Tunaulizwa kama kuna kipimo cha damu kitakachomwambia mtu yuko upande gani. Hakipo. Urithi, umri, utoto, mazingira na dawa yenyewe huchangamana, na mizani hubadilika katika maisha ya mtu yule yule. Aliyetumia dawa ya maumivu miaka 10 iliyopita bila shida anaweza kuandikiwa tena leo, akiwa amefiwa na mwenza au amepoteza kazi, na mambo yakawa mengine.

Kwa hiyo tahadhari ni ya kila mtu, na aibu si ya mtu yeyote. Hii ndiyo sababu sisi wadhibiti tunadai cheti cha daktari kwa tramadoli, kodeini, diazepamu na nyingine za namna hiyo. Cheti huleta mtu wa tatu kati ya mgonjwa na kidonge: mtu wa kuuliza maswali, kupanga siku ya kumaliza, na kufuatilia.

Ushauri wetu kwenu

Unapoandikiwa au kuuziwa dawa ya maumivu makali, ya usingizi, ya wasiwasi au ya kikohozi, uliza maswali matatu. Je, dawa hii inaweza kunizoesha? Niitumie kwa siku ngapi? Na nitaiachaje?

Mweleze daktari historia yako na ya familia yako: kama kuna mzazi au ndugu aliyesumbuliwa na pombe au dawa za kulevya, kama wewe mwenyewe umewahi kusumbuliwa, kama unapitia wakati mgumu. Habari hizo ni muhimu kama kumweleza kwamba una kisukari.

Usichanganye dawa za jamii ya afyuni na pombe wala na dawa za usingizi. Zote hutuliza sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi, na zikikutana mtu anaweza kulala asiamke.

Usimpe mwingine dawa yako, hata kama dalili zinafanana. Vidonge vilivyobaki visikae kabatini. Virudishwe famasi au kituo cha afya, na uulize namna ya kuviharibu. Kijana hujaribu kile kilicho karibu.

Ikiwa umetumia diazepamu au dawa za jamii yake kwa wiki kadhaa, usiache ghafla kwa sababu umesikia mada hii. Kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege. Rudi kwa daktari, upunguziwe hatua kwa hatua.

Jichunguze kwa ukweli. Je, kipimo kimepanda bila daktari kusema? Je, unahesabu saa za kidonge kijacho? Je, umeanza kununua katika maduka mawili au matatu ili usitambuliwe? Je, maumivu yamekwisha lakini unameza ili upate usingizi au ujasiri wa kukabili watu? Ukijibu ndiyo hata kwa swali moja, hujafika mwisho wa dunia. Umefika wakati wa kuzungumza na mtaalamu, na mapema ni bora.

Kwa ndugu zetu wauza dawa tuna ombi. Mteja anayerudi mara ya tatu bila cheti msimuuzie. Wala msimfokee mbele ya watu. Mwiteni pembeni, mwelekezeni kituo cha afya au ofisi ya ustawi wa jamii. Anayefukuzwa kwa matusi kaunta yako atakinunua kwa mtu asiye na leseni, kikiwa na kitu asichokijua ndani yake.

Tiba ipo

Ubongo uliojifunza unaweza kufundishwa upya, ingawa si kwa siku moja. Mwezi Februari mwaka 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, na huduma hiyo ikaenea katika hospitali nyingine za Dar es Salaam na mikoani. Hutolewa bila malipo. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, mbele ya mtoa huduma. Hujishika kwenye vipokezi vile vile, lakini huingia taratibu na kukaa muda mrefu, hivyo humwondolea mtu arosto bila kumpandisha na kumwangusha. Wapo wanaosema kwamba huko ni kubadilisha unga kwa unga. Mtu asiyeamka akiugua, asiyeiba ili apate kipimo, asiyechangia sindano, anayeweza kwenda kazini na kulea watoto, amebadilisha zaidi ya unga.

Zipo pia nyumba za upataji nafuu na ushauri nasaha, na mara nyingi huduma hizi zikiunganishwa husaidia zaidi. Mtu akirudia kutumia, msikate tamaa. Waraibu wanaorudia baada ya tiba hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 40 na 60, na wagonjwa wa shinikizo la damu au pumu ambao dalili zao hurejea, hasa wanapoacha masharti ya tiba, hawapungui idadi hiyo. Mgonjwa wa presha tunamrudisha kliniki. Na huyu arudishwe.

Kuna onyo moja ambalo kila familia ilishike. Aliyekaa bila kutumia, iwe gerezani, hospitalini au kwenye nyumba ya upataji nafuu, mwili wake umepoteza uzoefu wa zamani. Kipimo alichokimudu miezi mitatu iliyopita kinaweza kumuua leo. Wiki za kwanza baada ya kurudi nyumbani ni za hatari kubwa. Asiachwe peke yake, na akikutwa hapumui vizuri, haamki na midomo imebadilika rangi, akimbizwe hospitali mara moja. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kuurudisha uhai wake ikiwahi kutolewa.

Ndugu wasikilizaji, tulianza na watu wawili waliomeza kidonge kimoja. Hakuna anayejua kwa hakika atakuwa yupi kati yao. Kwa kuwa hatujui, tuheshimu cheti, tuulize maswali matatu, tuwalinde watoto wetu mpaka breki zao zikomae, na aliyenaswa tumwite kwa jina alilopewa na wazazi wake tunapomwelekeza kwenye tiba.